Kompyuta imegoma, au imekubali molekuli isiyo yako? Utatuzi wa matatizo ya modeli na akili mnemba kwenye kemia

Simu huanza kulia wiki mbili kabla ya siku ya kukabidhi ripoti. Mwanafunzi wa Tunguu, mwalimu wa skuli wa Chake Chake anayesoma shahada ya pili, binti wa Paje anayefanyia kazi mwani: shida ni zilezile, zimebadilisha kanga tu. Nimechoka kuzieleza moja moja kwa ujumbe wa sauti, ndiyo nimeziweka hapa kwa dalili, nikianza na sababu inayotokea sana na kumalizia na ile ya nadra.

Vifaa ninavyovifikiria ni vile tulivyonavyo: laptopu ya RAM ya GB 8, programu ambazo mwanafunzi hazilipii (Avogadro ya kuchora molekuli, RDKit ya kuzisoma na kuzikagua, ORCA na Psi4 za hesabu za elektroni, GROMACS ya kuiga mwendo wa molekuli, AutoDock Vina ya kupachika molekuli kwenye protini), na Google Colab, kompyuta ya Google inayotumika mtandaoni, pale intaneti inapokubali. Molekuli nazo ni za kwetu, za mafuta ya karafuu na makonyo (vikonyo vya karafuu), mchaichai, mwani.

Jambo moja nitalirudia mpaka mnichoke. Kompyuta ikigoma, hiyo ni bahati, umeshajua kuna kasoro. Balaa ni pale inapokubali kuhesabu, tena vizuri kabisa, molekuli isiyokuwa yako.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitu, fungua molekuli kwenye Avogadro, izungushe, itazame kwa macho. Hesabu haidrojeni. Chukua karatasi uandike fomula, chaji na idadi ya elektroni. Kwa eujenoli, ile inayoyapa mafuta ya karafuu harufu yake, ni C10H12O2, uzito 164.2, chaji 0, elektroni 88. Dakika tano hizo huokoa siku tatu.

## Dalili ya 1: Molekuli nimepewa na akili mnemba, na majibu hayalingani na ya maabara

Kijana mmoja aliiomba programu ya mazungumzo impe SMILES ya eujenoli. SMILES ni namna ya kuandika molekuli nzima kwa mstari mmoja wa herufi; ilibuniwa na David Weininger miaka ya 1980, na mpaka leo ndiyo lugha ambayo programu nyingi za kemia huielewa. Akapewa hii:

COc1cc(C=CC)ccc1O

Hakuwa mvivu, alikagua. Kaboni 10, haidrojeni 12, oksijeni 2. Uzito 164.2. Sawa kabisa. Akahesabu wiki nzima, kisha spektra aliyoipata ikakataa kufanana na ya mashine. Alipokuja kwangu alikuwa anaishuku mashine.

Eujenoli ni hii:

COc1cc(CC=C)ccc1O

Tazama ndani ya mabano. Ya kwanza ina C=CC, ya pili CC=C. Kifungo maradufu kimesogea hatua moja kuelekea kwenye pete, na hatua hiyo moja imeifanya kuwa isoeujenoli. Fomula haibadiliki, uzito haubadiliki, ndiyo maana ukaguzi wake ulipita. Lakini kwenye isoeujenoli kifungo hicho kimeungana na mfumo wa elektroni wa pete, kwa hiyo mwanga inaoufyonza, nishati yake na tabia yake mbele ya oksijeni ni mambo mengine. Hata GC-MS, mashine inayotenganisha kemikali za mchanganyiko na kuzipima uzito, inaweza kukuchanganya hapa, kwa sababu zote mbili hutoa ioni ya molekuli kwenye 164. Kinachozitenganisha ni muda wa kutoka: kwenye safu (mrija wa kutenganishia) ya aina ya DB-5, faharasa ya muda huo kwa eujenoli ni karibu 1356 na kwa isoeujenoli ya trans ni karibu 1450. Wenye GC-MS wasiotazama faharasa hiyo nao wamo kwenye kundi hili la wagonjwa.

Sababu ya kwanza, na ndiyo ya mara nyingi: programu hizi za mazungumzo hazichori molekuli kichwani, zinaunganisha herufi kwa mazoea ya maandishi zilizoyasoma. Ni sawa na kuelekezwa njia ya Mkunazini na mtu aliyeisikia kwenye hadithi tu. Atakwambia pinda kushoto kwa sauti ya uhakika, na wewe unatokea Darajani.

Ya pili ni jina. Ukiuliza kwa jina la mtaani unaweza kuletewa mmea wa jirani. Mzambarau na mkarafuu zote ni Syzygium, na zamani mkarafuu uliitwa Eugenia, jina ambalo ndilo lililozaa neno eujenoli. Kivumbasi ndiyo usiseme: kila mtaa una wake. Toa jina la kisayansi, na litoke kwa mtu wa mimea aliyelishika jani. Usilitoe kwenye picha ya simu.

Ya tatu, kwa wanaochukua data kwenye hazina kubwa: molekuli imeandikwa pamoja na chumvi yake au maji yake. Ukiona nukta katikati ya SMILES, kuna vipande viwili. Ondoa kisichohusika kabla ya kuhesabu.

Ukaguzi: ingia PubChem, hazina ya wazi ya data za kemikali (eujenoli ni namba CID 3314), nakili SMILES ya huko, kisha linganisha InChIKey ya molekuli yako na ya huko, yaani msimbo wa herufi unaotambulisha molekuli kwa jinsi atomu zake zilivyounganishwa. Linganisha InChIKey, kama ulivyoona, fomula haitoshi. Na kama lazima utumie akili mnemba, igeuze kazi: badala ya kuiomba molekuli, iombe ikuandikie mistari ya RDKit itakayosoma SMILES yako, ichore picha na kutoa InChIKey. Kuandika programu fupi inaweza zaidi kuliko kukumbuka molekuli, na ikikosea mara nyingi utaona, kwa sababu programu itagoma au picha haitafanana na molekuli yako.

Marejeo nayo ni hivyo hivyo. Makala ambayo haipo hupewa kichwa kizuri, jarida la kweli na mwaka unaoaminika. Kila DOI, namba ya utambulisho wa makala mtandaoni, ifungue. Ikifunguka ikakupeleka kwenye makala ya samaki wakati wewe unauliza karafuu, futa.

## Dalili ya 2: Programu inakataa kuanza, au SCF haitulii

Programu ya DFT, mbinu ya kukokotoa nishati ya molekuli kutokana na msongamano wa elektroni zake, hukisia jinsi elektroni zilivyotawanyika, hurekebisha, hukisia tena, mpaka nishati iache kubadilika. Hiyo ndiyo SCF. Ikizunguka mara mia na kitu bila kutulia, inakata tamaa na kukuandikia hivyo.

Anza na chaji na multiplisiti (idadi ya elektroni zisizo na mwenzake, jumlisha moja). Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoona kosa baya kuliko yote mwaka huu.

Binti mmoja alikuwa anataka eujenoli iliyopoteza haidrojeni ya OH, kama inavyokuwa kwenye maji yenye besi. Akaifuta ile haidrojeni kwenye Avogadro, akaacha chaji 0 na multiplisiti 1. Programu ikagoma papo hapo: elektroni 87 haziwezi kuwa na multiplisiti 1, maana kuna moja isiyo na mwenzake. Akanakili ujumbe wa kosa, akaupeleka kwa akili mnemba. Jibu lilikuwa fupi na la kujiamini: badilisha multiplisiti iwe 2. Akabadilisha, programu ikakimbia, SCF ikatulia, jedwali likajaa. Furaha tele.

Lakini alichohesabu ni radikali, eujenoli iliyopokonywa haidrojeni pamoja na elektroni yake. Alichokuwa anakitaka ni ioni, ambapo elektroni inabaki: chaji -1, elektroni 88, multiplisiti 1. Zote mbili zipo duniani na zote zina kazi. Radikali ndiyo unayoihitaji ukizungumzia kuzuia oksidisho, ioni ndiyo ya maswali ya pH. Akili mnemba ilijibu swali ililoulizwa, yaani namna ya kuondoa ujumbe wa kosa. Hakuna aliyeiuliza kuhusu kemia.

Chaji ikiwa sahihi na bado hesabu haitulii, fuata hizi:

- Umbo la kuanzia. Atomu mbili zimepandana wakati wa kuchora. Kaboni na haidrojeni hukaa umbali wa angstrom 1.09 hivi, ukiona 0.5, tayari umempata mchawi. Bonyeza kitufe cha kutuliza umbo kwa MMFF94, mbinu nyepesi ya makadirio, kwenye Avogadro kwanza, ndipo uende DFT.
- Umerukia seti kubwa ya msingi (kundi la fomula za kuelezea elektroni) moja kwa moja. Tuliza kwa ndogo, def2-SVP, kisha chukua matokeo yake yawe mwanzo wa ile kubwa, def2-TZVP. Kwenye ORCA ni MORead.
- Inayumba tu, inapanda na kushuka. Weka SlowConv uiache ijikokote.

Usipandishe kiwango cha nishati kinachokubalika ili eti "itulie". Huko ni kupaka chokaa ukuta uliopasuka.

Simama hapa ikiwa molekuli yako ina chuma, kobalti au shaba mbili zilizokaribiana. Hesabu za metali zenye elektroni pweke zinaweza kutulia vizuri kwenye hali isiyo sahihi, na wewe usione dalili yoyote. Mtafute mtu aliyezifanya, hata kama ni kwa barua pepe tu, kabla ya kuandika namba hata moja.

## Dalili ya 3: Umbo limetulia lakini kuna frikwensi hasi

Sababu ya kawaida wala haina sayansi ndani yake: umetuliza umbo kwa mbinu moja, ukahesabu frikwensi kwa mbinu nyingine. Mbinu na seti ya msingi lazima ziwe zilezile pande zote mbili. Tazama mistari ya juu ya mafaili mawili, mara nyingi jibu liko hapo.

Kama ziko sawa, angalia ukubwa. Moja ndogo, tuseme -20 au -40 cm⁻¹, kwa kawaida ni kikundi cha methili au methoksi kinachozunguka kwa ulegevu. Kaza masharti ya kutuliza, ongeza ubora wa gridi, rudia. Ikiwa ni -300 na zaidi, hiyo molekuli imekaa juu ya tandiko, haijashuka bondeni. Tazama mtikisiko wake kwa macho, zisukume atomu kidogo kuelekea upande huo, tuliza upya.

Na kuna ambao hawana frikwensi hasi hata moja na bado wamekosea. Eujenoli ina OH na methoksi zilizokaa jirani kwenye pete. OH ikielekea methoksi zinashikana kwa kifungo cha haidrojeni na nishati inashuka kwa kcal kadhaa. Ukichora OH ikitazama upande wa pili, programu itatulia hapohapo, kwenye bonde dogo, na kukupa namba safi za umbo ambalo molekuli pekee yake hailipendi. Jaribu maumbo kadhaa ya kuanzia. Programu za xTB na CREST hufanya kazi hiyo kwa haraka hata kwenye laptopu.

Nishati zenyewe hutolewa kwa Hartree, na Hartree 1 ni kcal 627.5 kwa moli. Tofauti ya 0.001 unayoidharau ni zaidi ya nusu kcal. Na kamwe usitoe nishati ya B3LYP, mbinu mojawapo ya DFT, kwenye nishati ya mbinu nyingine ukasema umepata tofauti ya kitu.

## Dalili ya 4: Hesabu imekatika katikati

Wote hukimbilia kulaumu umeme. Mara nyingi umeme hauhusiki.

Kosa namba moja ni RAM. Kwenye ORCA, maxcore ni kumbukumbu ya kila kiini kimoja, kwa MB. Ukiweka 4000 ukatumia viini 4, umeomba GB 16 kwenye mashine ya GB 8. Weka 1500, jumla itakuwa GB 6, na mfumo ubakie na pumzi. Namba mbili ni diski iliyojaa. Mafaili ya muda ya hesabu moja yanaweza kumeza GB nyingi. Namba tatu ni Windows kujisasisha usiku na kuwaka upya, au laptopu kufungwa kifuniko ikalala. Zima vyote viwili kabla ya kwenda kulala wewe.

Halafu ndiyo umeme. Waliokuwepo Unguja mwaka 2008, kisha kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, wanakumbuka kisiwa kizima kukaa gizani kwa sababu ya waya wa chini ya bahari, mara ya kwanza karibu mwezi, mara ya pili miezi mitatu. Siku hizi si hivyo, lakini dakika mbili za kukatika zinatosha kuua hesabu ya siku mbili kwenye kompyuta ya mezani. UPS ndogo inakupa muda wa kuzima kwa heshima. Jenereta haikusaidii bila UPS, kwa sababu ile nafasi ya sekunde kumi mpaka iwake ndiyo inayoua.

Usianze upya kama si lazima. GROMACS huweka faili la hali kila baada ya dakika 15, na unaendelea kwa `gmx mdrun -cpi state.cpt`. ORCA ina faili la gbw unaloweza kulisoma tena. Kwenye Colab ya bure kipindi hakizidi saa 12 na kinaweza kukatwa mapema zaidi, kwa hiyo matokeo yaandikwe kwenye Drive hatua kwa hatua, yasingoje mwisho.

Laptopu ikizima yenyewe ikiwa imewaka moto, hapo si suala la kemia. Safisha feni au mpelekee fundi. Usiendelee kuipigisha kazi juu ya godoro.

## Dalili ya 5: Uigaji wa mwani unalipuka

Wanaofanyia kazi karajinani, ile sukari ndefu ya mwani inayoganda, hukutana na hii. Molekuli inaanza vizuri, kisha programu inapiga kelele za LINCS, kanuni yake ya kushikilia urefu wa vifungo, atomu zinaruka nje ya boksi, basi.

Kwanza, hukutuliza mfumo kabla ya kuupa joto. Pili, hatua ya muda ni kubwa: femtosekunde 2 inahitaji vifungo vya haidrojeni vifungwe, bila hivyo teremka hadi 1 au 0.5.

Tatu ni chaji. Karajinani ya kapa, inayotoka kwenye mwani unaoitwa kotonii, ina salfeti moja kwa kila sukari mbili. Ya ayota, ya spinosamu, ina mbili. Kwa hiyo mnyororo wa kapa wa sukari 12 una salfeti 6 na chaji -6, na unataka ioni 6 za potasiamu. Hili peke yake halilipui boksi kila mara, ila huharibu kila kitu unachotaka kukijua, maana kapa hugandishwa na potasiamu na ayota hugandishwa na kalisi. Ukiiga jeli bila ioni zake unaiga supu. Programu ikikwambia jumla ya chaji ni -0.001, huo ni ukadiriaji wa namba, lala usingizi. Ikisema -6, umesahau ioni. Ikisema -5.73, vigezo vya molekuli vimevunjika mahali.

Simama hapa kwenye hilo la mwisho, na vilevile programu ikisema haiitambui sukari yako. Vigezo vya protini havijui karajinani. Tafuta vilivyotengenezewa sukari, kama GLYCAM au CHARMM36, na hata huko hakikisha ile pete ya anhidro na salfeti zimo. Akili mnemba itajitolea kukubunia namba. Nimewahi kuletewa faili la namna hiyo: lilikuwa limepangwa vizuri kama mkeka wa Pemba, na halikuwa na hata chaji moja ya kweli.

## Dalili ya 6: Kila nikipachikacho kwenye protini kinapata alama nzuri

Mtu anapachika molekuli 40 za viungo kwenye protini ya ugonjwa fulani kwa Vina, zote zinapata -7 hadi -9 (kcal kwa moli; ikizidi kushuka ndivyo molekuli inavyokadiriwa kushikana zaidi), na anaandika kwamba kila kitu cha jikoni kwa mama ni dawa.

Alama za Vina hupendelea molekuli kubwa. Kariofilini itampita eujenoli kwa unene tu. Pia kosa la kawaida la alama hizi ni kcal 2 hadi 3, na kwenye joto la chumba kila kcal 1.36 ni mara 10 ya nguvu ya kushikana. Hesabu mwenyewe: ukikosea kcal 2.7 umekosea mara 100. Tofauti ya -7.8 na -8.1 haina maana yoyote, msiipangie jedwali.

Ukaguzi wa kwanza ni kurudisha nyumbani: chukua molekuli iliyokutwa ndani ya protini kwenye muundo wa PDB, hazina ya miundo ya protini iliyopimwa maabara, itoe, ipachike upya. Isiporudi mahali pake ndani ya angstrom 2, mpangilio wako umeharibika na majibu ya molekuli nyingine hayana kazi. Kisha tazama boksi. Likizidi angstrom 30 kila upande Vina yenyewe hukuonya, na mtu huwa haoni kwa sababu onyo limepita juu. Kisha haidrojeni na chaji za protini. Kisha pachika molekuli ambazo zinajulikana hazifanyi kazi; nazo zikipata -8, umeshapata jibu lako.

Na AlphaFold, programu ya akili mnemba inayotabiri umbo la protini? Ni kazi kubwa kweli, Demis Hassabis na John Jumper walipata nusu ya Nobeli ya kemia ya 2024 kwayo, na nusu nyingine alipata David Baker kwa kubuni protini. Lakini muundo unaoshusha kwenye hazina yake hauna maji, hauna ioni, hauna molekuli ndani ya mfuko. Tazama pLDDT, alama ya uhakika ya 0 hadi 100, ya eneo unalopachika: chini ya 70 usiamini sana, chini ya 50 usipachike kabisa.

## Dalili ya 7: Modeli yangu ina usahihi wa ajabu, mpaka sampuli mpya ilipofika

Hii ilinipata mimi mwenyewe, kwa hiyo sicheki mtu. Tulitaka modeli ya kutenganisha mafuta ya karafuu zenyewe na mafuta ya makonyo kwa kutumia data za GC-MS. Ni swali la maana: mafuta ya karafuu huwa na eujenili aseteti nyingi kuliko ya makonyo, na bei zake hazifanani. Kila sampuli tuliipiga mara tatu. Modeli ikawa haikosei. Nikapiga kifua.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza ni kugawa data ovyo, hivyo pigo la kwanza la sampuli likawa kwenye mafunzo na pigo la pili la sampuli ileile kwenye mtihani. Mwanafunzi aliyepewa maswali jana yake lazima apate mia. La pili lilikuwa baya zaidi na lilichukua muda kuonekana. Mafuta yote ya karafuu tuliyapiga wiki moja na ya makonyo wiki iliyofuata, baada ya safu ya mashine kukatwa. Modeli haikujifunza karafuu. Ilijifunza wiki. Ilipoletewa chupa mpya kutoka Pemba ikawa inabahatisha.

Kwa hiyo gawa kwa sampuli, au kwa shamba, au kwa siku. Usigawe kwa mstari wa jedwali. Kama ni molekuli, gawa kwa familia ya umbo. Changanya mpangilio wa sampuli kabla hazijaingia mashineni. Halafu fanya jaribio hili la dakika mbili: vuruga majibu kwa makusudi, fundisha modeli upya. Ikiendelea kufaulu, kuna mvujo.

Vipimo vilivyochanganywa ni ugonjwa mwingine wa kila siku, mikromola na nanomola kwenye safu moja, tofauti ya mara 1000. Chora histogramu, ukiona nundu mbili zilizotengana kama za ngamia, umeshajua. Na Excel hugeuza baadhi ya namba za CAS, namba za utambulisho wa kemikali, kuwa tarehe kimyakimya. Ingiza safu hiyo kama maandishi.

## Dalili ya 8: Akili mnemba imenipa njia ya kufanya maabara

Hapa ukaguzi rahisi haupo. Simama kwanza, ndipo usome.

Eujenoli ni fenoli, pKa yake iko karibu 10.2, kwa hiyo inaingia kwenye sodiamu haidroksaidi, unaitenga na mafuta mengine, unairudisha kwa asidi, unaivuta kwa kiyeyushi. Kwenye karatasi ni sahihi, na akili mnemba inaieleza vizuri. Njia niliyoonyeshwa ilisema kiyeyushi kiwe ethari ya dayethili, kisha "kikaushwe kwa joto dogo juu ya bamba la umeme".

Ethari huchemka kwenye nyuzi 34.6. Hesabu wewe, Februari, kaskazi imelala, kiyoyozi cha maabara kimekufa, chumba kina nyuzi 32. Chupa ikifunguliwa tu mvuke unamwagika. Ni mzito kuliko hewa, unatambaa juu ya meza mpaka ukute cheche, na bamba lenye nyuzi zisizofika 200 linatosha kuuwasha bila moto wowote kuonekana. Aliyeandika maelekezo hayo hakijui chumba chako.

Njia yoyote ya aina hii ipelekwe kwa fundi wa maabara pamoja na karatasi ya usalama ya kila kemikali, kabla ya kupima hata mililita. Mwulize kama kuna kiyeyushi kingine, kama kabati la kuvuta mvuke linafanya kazi, na asidi itiwe kwa kasi gani. Na ukikuta kabatini chupa ya ethari ya zamani isiyo na tarehe ya kufunguliwa, au yenye fuwele shingoni, usiifungue, usiitikise, usiihamishe. Inaweza kuwa na peroksaidi zinazolipuka. Funga mlango ukamwite mhusika.

Data ambazo bado hazijachapishwa, hasa za mwenzio au za mganga aliyekuamini na dawa yake, usizimwage kwenye programu ya mazungumzo ili "ikusaidie kuandika". Uliza msimamizi kwanza.

## Ukiomba msaada

Leta faili la kuingizia, lile lenyewe, si maelezo yake. Leta mistari 50 ya mwisho ya faili la matokeo, toleo la programu, na ile karatasi ya fomula, chaji na elektroni. Niambie ulibadilisha nini kwa ushauri wa nani, hata kama ni wa akili mnemba, maana mara tatu kati ya nne ugonjwa unaanzia kwenye dawa ya kwanza.

Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu kwa upande, yenye mwanga wa dirisha katikati na ujumbe wa kosa umekatwa chini, siipokei tena. Wa mwisho aliyenitumia nilimwona kidole gumba vizuri kabisa.